Kompyuta Yako na Joto la Kaskazi

Upepo wa kaskazi unapoingia, tangu Desemba mpaka Machi, mafundi wa kompyuta wa mwambao hupokea malalamiko yanayofanana. Feni inanguruma tangu asubuhi. Mashine inastaki katikati ya kikao cha mtandaoni. Mchana inajizima yenyewe, jioni ikiwashwa inafanya kazi kana kwamba haikuwa na neno. Mwenye nayo anahisi ni virusi, anashauriwa kupiga Windows upya, analipa, na baada ya wiki yuko palepale. Mara nyingi ugonjwa ni joto tu, na joto haliponi kwa kupiga Windows.

Watu huuliza: kompyuta ikifika nyuzi ngapi ndiyo imezidi? Jibu lipo na nitalitoa, lakini kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa namba hiyo peke yake inapotosha. Prosesa hupozwa kwa hewa ya chumba ilimo. Haiwezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo, na chumba kikipanda nyuzi 10, huku kazi ni ileile na feni inazunguka kwa kasi ileile, prosesa nayo itapanda karibu nyuzi 10. Ushauri mwingi ulioko kwenye intaneti umeandikwa na watu wanaoishi kwenye vyumba vya nyuzi 21. Huku kwetu kaskazi ikishika, kivulini nje pekee ni nyuzi 32 au 33, na chumba chenye bati lisilo na dari huvuka hapo bila kuombwa. Kabla ya kuiogopa namba ya prosesa, ijue ya chumba. Kinachokueleza hali ya mashine ni tofauti kati ya hizo mbili.

Namba za kiwandani

Prosesa nyingi za Intel Core za miaka ya karibuni zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Baadhi za familia ya Core Ultra zimepandishwa hadi 105, na za laptopu hadi 110. Kwa upande wa AMD, kikomo cha Ryzen 7 5800X ni 90 na cha Ryzen 9 7950X ni 95, tena kampuni yenyewe ilieleza kuwa prosesa za kundi hilo la pili zimeundwa kufika 95 zinapopewa kazi nzito na kubaki hapo. Kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 3060 imeandikiwa 93, RTX 4070 imeandikiwa 90. SSD nyingi za NVMe hazitaki kupita 70, na diski ngumu za kuzunguka hukomea 60.

Kikomo hicho si mahali pa kuungua. Ni pale prosesa inapoanza kujifungia breki: inashusha kasi na kupunguza umeme inaokula ili isivuke. Ikishindwa na joto likazidi kupanda, inajizima. Zamani haikuwa hivyo kwa zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa zilizoondolewa hitisinki, yaani lile bamba la mapezi linalobeba joto, zikiwa katikati ya kazi. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea. Athlon ya AMD ikatoa moshi na kufa. Siku hizi ulinzi umo ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo anayelala na wasiwasi kwa sababu laptopu yake imesoma 92 anajitesa bure.

Hasara iko kwingine. Kwanza, kasi uliyoinunua huipati: mashine inayojifungia breki kila mchana ni mashine ya bei ghali inayofanya kazi ya bei rahisi. Pili, vitu vinavyoizunguka prosesa vinazeeka mapema. Kapasita za elektroliti, zile zenye majimaji ndani, hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ndiyo kanuni ambayo wahandisi wa elektroniki huitumia kupigia hesabu. Betri nazo zina hesabu inayofanana, na tutazifikia.

Pima tofauti

Nunua kipimajoto kidogo cha ukutani, kitundike karibu na kompyuta lakini mbali na hewa ya moto inayotoka kwenye mashine na mbali na dirisha lenye jua. Halafu weka programu ya kusoma joto. Kwenye Windows kuna HWiNFO na Core Temp, zote za bure. Kwenye Linux sakinisha lm-sensors kisha andika amri ya sensors. Kwenye Mac kuna Stats. Usipoteze muda ndani ya Task Manager. Ina joto la kadi ya grafiki, la prosesa haina.

Washa mashine, iache robo saa bila kazi, andika joto la chumba na la prosesa. Kisha ipe kazi nzito kwa nusu saa nzima. Programu ya Cinebench inafaa, au gemu unalolicheza siku zote, au kugeuza video ndefu kutoka umbo moja kwenda jingine. Nusu saa ni muhimu, kwa sababu hitisinki huchukua muda kujaa joto, na dakika tano za mwanzo zitakudanganya. Andika namba ya juu iliyofikiwa, toa ya chumba.

Vipimo ninavyovitumia ni hivi. Kompyuta ya mezani iliyo safi, yenye hitisinki na feni ya kawaida, ikionyesha tofauti ya 35 mpaka 50 kwenye kazi nzito, haina neno. Laptopu, kwa wembamba wake, naivumilia 50 mpaka 65. Bila kazi, tofauti ya 10 mpaka 20 ni ya kawaida kwa zote mbili. Sasa chukua laptopu mbili zinazosoma 92. Ya kwanza iko kwenye chumba cha nyuzi 33: tofauti ni 59, mashine ni nzima, chumba ndicho chenye joto. Ya pili iko ofisini penye kiyoyozi, nyuzi 22: tofauti ni 70, na hiyo imejaa vumbi, au pesti yake, ile dawa ya kijivu iliyo kati ya prosesa na hitisinki, imekauka, hata kama haijawahi kujizima. Ukiipeleka ile ya kwanza kwa fundi utalipia usafishaji usio na faida. Ukiiacha ile ya pili, siku utakayoihamishia nyumbani ndiyo itakayoanza kukusumbua.

Kuna mtego mmoja. Mashine iliyofika kikomo haipandi tena, inapunguza kasi tu, kwa hiyo tofauti yake inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndiyo sababu ya kutazama na kasi. HWiNFO ina mstari wa Thermal Throttling. Mstari huo ukionyesha Yes, jua namba unayoisoma imeshashikiliwa na breki, na hali halisi ni mbaya zaidi.

Na kama mashine isiyo na kazi yoyote inasoma tofauti ya 30 au 40, fungua orodha ya programu zinazoendeshwa kabla ya kushika bisibisi. Huenda Windows inajisasisha, au kivinjari kina vichupo sabini, au kuna programu imejificha inachimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu mwingine. Hapo, mara moja moja, yule aliyesema ni virusi huwa amepatia.

Andika matokeo na tarehe kwenye karatasi ndogo, ibandike chini ya laptopu au ndani ya ubavu wa keisi. Kaskazi ijayo utapima tena na kulinganisha. Tofauti iliyoongezeka kwa nyuzi 10 ndani ya mwaka ni barua ya vumbi.

Kabla ya kununua chochote

Dawa ya kwanza ni mahali. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni au nyuma, karibu na bawaba za kioo. Ukiiweka juu ya godoro, mto au mapaja yenye kanga, umeiziba pua. Iweke mezani, na unyanyue upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya soda. Nafasi hiyo ndogo inaweza kushusha nyuzi kadhaa, na mara nyingi ndiyo sehemu kubwa ya faida unayoipata kwenye vile vibao vya feni vinavyouzwa Kariakoo. Sisemi vibao hivyo ni uongo. Vinasaidia laptopu yenye matundu ya chini yanayokaa juu ya feni za kibao. Kwa laptopu isiyo na matundu chini havina kazi. MacBook Air tangu ile ya M1 ya mwaka 2020 haina feni kabisa. Joto lake hupitia kwenye bodi ya alumini, na unachoweza kuifanyia ni kuiacha wazi juu ya meza ngumu na kukubali kwamba kwenye kazi ndefu itapunguza mwendo.

Kompyuta ya mezani ina adui wake: meza ya kompyuta yenyewe. Maseremala wengi hutengeneza kijikabati cha keisi chenye mlango mbele na ubao nyuma. Mle ndani mashine inavuta hewa ileile iliyoitoa sekunde chache nyuma, ikizidi kuwa moto kila mzunguko. Ng'oa ubao wa nyuma, acha mlango wazi, au itoe keisi nje kabisa. Iache na sentimita kumi au zaidi nyuma yake. Isikae sakafuni kwenye nyumba iliyo pembeni mwa barabara ya vumbi. Kibao cha kuinyanyua kidogo kinatosha. Na kitambaa cha kudarizi, ambacho mama mwenye nyumba amekiweka kwa heshima zote juu ya mashine, kitolewe kila inapowashwa. Kukitoa moja kwa moja ni mazungumzo mengine, siyaingilii.

Feni za keisi nazo hufungwa kinyume mara nyingi kuliko unavyodhani. Kanuni ni hewa iingie mbele, itoke nyuma na juu. Feni nyingi zina mshale mdogo kwenye fremu unaoonyesha hewa inakwenda wapi. Zisizo na mshale, hewa hutokea upande wenye vile vikono vinavyoshikilia mota. Ukitaka kuona kwa macho, washa kijiti cha udi, kishike umbali wa kiganja kutoka kwenye matundu, uangalie moshi unavutwa au unasukumwa. Ukikuta mbele na nyuma zote zinasukuma nje, umeshapata ugonjwa bila kutoa senti.

Vumbi na unyevu wa pwani ni jozi mbaya. Vumbi kavu hupeperuka. Lililolowa jasho la hewa ya bahari hugandamana na kuwa kama blanketi kati ya mapezi ya hitisinki. Kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa kwetu kama used, akina OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre, zimeshafanya kazi miaka kadhaa ughaibuni kabla ya kufika hapa. Ukinunua, kagua ndani siku hiyohiyo.

Zima, chomoa waya, toa betri kama inatoka. Tumia blowa ya umeme kwa nguvu ndogo au kopo la hewa, nje ya nyumba, na ushikilie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Feni ikipulizwa kwa kasi isiyo yake, beringi huharibika, na mota yake inaweza kugeuka jenereta ikarudisha umeme kwenye madabodi. Kwa laptopu, ukipuliza kwa nje tu kupitia matundu, mara nyingi unalihamisha lile blanketi kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Ni bora kifuniko cha chini kifunguliwe. Pawa saplai usiifungue hata siku moja. Kapasita zake hubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa. Ipulizie kwa nje, basi. Na fundi akitoa kichupa cha petroli au thina ili asafishie bodi, mshukuru, chukua mashine yako, ondoka.

Keisi yenye vichujio ioshwe vichujio vyake kila baada ya miezi mitatu hivi, vikauke vizuri, virudishwe. Kufungua na kusafisha kwa ndani, mara moja kwa mwaka inatosha wengi, na wakati mzuri ni Novemba, kabla kaskazi haijaingia. Anayeishi Dodoma, ambako hewa ni kavu na vumbi ni la kutosha, asingoje mwaka. Nairobi ina afueni ya joto, lakini kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na feni hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Afueni ile bado ni kubwa kuliko hasara.

Zalisha joto kidogo

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mtu wa pwani, na ndipo watu wachache hugusa. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Mashine ya gemu inayokula wati 400 ni hita ya wati 400 iliyowashwa ndani ya chumba chako, na mlango ukiwa umefungwa chumba kitapanda, kisha prosesa itapanda pamoja nacho. Feni kubwa zaidi hazitatui hilo. Zinahamisha joto kutoka kwenye keisi na kulimwaga chumbani kwa haraka zaidi.

Kwenye laptopu ya Windows, nenda Control Panel, Power Options, mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia, tafuta Maximum processor state, ishushe kutoka 100% hadi 99%. Asilimia moja inaonekana mzaha. Kumbe kwenye laptopu nyingi, za Intel hasa, kushuka chini ya 100 kunazima ule mwendo wa ziada ambao prosesa hujipandisha yenyewe, na ni mwendo huo unaokula umeme kupita kiasi. Joto linaweza kushuka nyuzi 15 au zaidi ndani ya dakika chache, feni ikanyamaza. Gharama ipo. Prosesa ya i5-8265U, ambayo imejaa kwenye laptopu za used, ina kasi ya msingi ya gigahezi 1.6 na ya juu 3.9; ukiifunga, kwenye kuhariri video utalia. Kwenye Word, Excel na barua pepe wengi hawatagundua. Baadhi ya laptopu mpya zimeuficha mstari huo. Kwenye hizo chagua hali ya kuokoa umeme na utapata sehemu ya faida.

Prosesa nyingi za AMD Ryzen za mezani zina Eco Mode, inayopatikana kwenye BIOS au kwenye programu ya Ryzen Master, ambayo huzibana wati. Kwa kadi ya grafiki, MSI Afterburner ina kitelezi cha Power Limit. Kishushe hadi 80% na uendelee kucheza. Unachopoteza kwa kawaida ni fremu chache, huku joto na kelele vikipungua waziwazi. Kama kioo chako ni cha hezi 60, lifungie gemu fremu 60 kwa sekunde. Kadi inayotengeneza fremu 140 ambazo kioo hakiwezi kuzionyesha inakupashia chumba moto bila sababu.

Baada ya hayo yote ndipo tuzungumzie pesti, ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na hitisinki. Kazi yake ni kujaza vijitundu visivyoonekana ambavyo vingebaki na hewa, maana hewa ni msafirishaji mbovu wa joto. Baada ya miaka kadhaa hukauka. Kwa mashine ya used yenye tofauti kubwa hata baada ya kusafishwa, kubadilisha pesti ndiyo hatua inayofuata. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, rudisha hitisinki, kaza skrubu kwa kupishana pembe kidogokidogo. Wanaopaka nyingi kwa nia njema huishia kuichafua soketi. Kwenye mashine za AMD zenye soketi ya AM4, washa kompyuta kwanza ipate moto kidogo, izime, kisha izungushe hitisinki taratibu kabla ya kuinyanyua. Ukiing'oa kwa nguvu ikiwa baridi, prosesa inaweza kutoka nayo na pini zikapinda. Zile padi laini zilizoko kwenye vipande vingine vya laptopu zibaki padi, za unene uleule. Pesti haizibi nafasi yake. Metali ya maji, inayosifiwa sana kwenye video, ipite mbali. Inapitisha umeme na inaila alumini.

Pangaboi, kiyoyozi na maji

Pangaboi halishushi joto la chumba. Linakupoza wewe kwa sababu unatoka jasho, na kompyuta haitoki jasho. Hata hivyo lina msaada wake: linavuruga ile hewa ya moto iliyojikusanya nyuma ya mashine, na dirisha likiwa wazi linaitoa nje. Chumba kisicho na dari kitafaidika zaidi na dari kuliko na feni ya aina yoyote, na kompyuta ndiyo sababu ndogo kabisa ya kuiweka.

Vile vipoza hewa vya kutia maji na barafu vifanyiwe tahadhari. Dodoma, kiangazi, vinafanya kazi kwa sababu hewa ni kavu. Pwani hewa imeshabeba maji ya kutosha. Kipoza hicho kitaongeza unyevu, kitashusha joto kidogo mno, na unyevu ule pamoja na chumvi ya bahari vitaanza kula miguu ya chipu. Kitambaa kibichi na mfuko wa barafu chini ya laptopu sitavijadili.

Kiyoyozi kinasaidia kweli, na nyuzi 25 au 26 zinatosha mashine. Usiiweke chini yake, kwa kuwa viyoyozi hudondosha maji siku vinapoziba. Hatari isiyozungumzwa ni wakati wa kutoka. Anayevaa miwani analijua hili: akitoka kwenye chumba cha nyuzi 18 mchana wa Januari, vioo vinafunga ukungu. Ukungu huohuo unaweza kushika kwenye bodi ya laptopu iliyokuwa ndani na wewe, kwa sababu hewa ya nje ina mvuke mwingi unaogeuka maji ukigusa kitu baridi. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, ipate joto taratibu, ndipo uifungue na kuiwasha.

Diski, betri na UPS

Diski ngumu watu wanaziogopea kuliko inavyostahili. Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso wa Google walitoa utafiti wa diski zaidi ya 100,000 na wakakuta kwamba joto la kawaida halikuwa chanzo kikubwa cha kufa kwake; athari ilionekana kwenye joto la juu sana na kwa diski zilizokwisha kuzeeka. Diski yako ikikaa chini ya 50, iache. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha. SSD ya NVMe inayopanda sana ukinakili mafaili makubwa inahitaji kibamba kidogo cha alumini juu yake, na madabodi nyingi mpya zinakuja nacho.

Betri ya laptopu ndiyo inayostahili wasiwasi huo. Apple wanaandika kwamba MacBook itumike kwenye mazingira ya nyuzi 10 mpaka 35. Chumba cha bati mchana wa Februari kinaweza kuwa kimevuka hapo hata kabla hujaiwasha. Kinachoiua betri ya lithiamu haraka ni joto likikutana na chaji ya 100% kwa saa nyingi, na ndivyo wengi tunavyoishi: laptopu mezani, chaja ukutani, kutwa nzima. Lenovo, Dell, HP na Asus wana mpangilio, kwenye programu zao au kwenye BIOS, wa kuzuia chaji isipite 80% au hata 60%. Uwashe, na uurudishe 100% siku ya safari. Padi ya kugusia ikianza kunyanyuka, au kifuniko cha chini kikiacha mwanya, betri imevimba. Zima laptopu, usiichaji, betri usiitoboe, ipeleke ibadilishwe. Na laptopu usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani.

UPS nayo, iliyosukumwa nyuma ya kabati ili isionekane, ina betri ya risasi iliyopigiwa hesabu ya nyuzi 25. Kila nyuzi 10 juu ya hapo hukata karibu nusu ya umri wake. Mtu anayelalamika kwamba UPS yake ilidumu mwaka mmoja tu, muulize imekaa wapi. Itoe kwenye kona, iache na nafasi pande zote, na isipangwe juu ya keisi.

Kama umefanya yote haya na tofauti bado ni kubwa, nenda kwa fundi, lakini nenda na karatasi yako. Mwambie tofauti ilikuwa kiasi gani mwaka jana na ni kiasi gani leo. Mwombe aendeshe Cinebench mbele yako kabla ya kufungua, na aendeshe tena baada ya kufunga, kwenye kiti kilekile na feni ya duka ikiwa imeelekezwa kulekule. Muulize ametumia pesti gani, na kama feni aliyoiweka ni mpya au imetoka kwenye mashine nyingine. Lipa baada ya kuona namba ya pili.